Lile taulo la kwenye msumari

Kikundi: UKOO WA BIBI MWAMINI, UJIJI
Alhamisi

Mama Shafii 20:14
Assalam aleykum wanafamilia. Najua wengi mnajiandaa na hitma ya babu Jumamosi na baadhi mtalala hapa kwangu, kwa hiyo kuna jambo inabidi niliseme kabla hamjapanda gari, sitaki kesho kutwa mtu aje aseme nilificha. Shafii alipasuliwa jipu la paja Jumatatu, wakachukua usaha wakaenda kuotesha maabara waone ni mdudu gani, leo majibu yametoka. Wanasema ni bakteria sugu, zile dawa tulizozoea kununua hazimfanyi kitu

Shangazi Sikudhani 20:16
Waalaykum salaam. Maskini mjukuu wangu. Anakula lakini?

Mama Shafii 20:17
Anakula shangazi. Leo kamaliza ugali na mgebuka mzima peke yake. Homa imekata tangu jana

Bamdogo Hamisi 20:19
Pole sana mke wa mwanangu. Ila jipu tu jamani mpaka kuotesha?? Huu msimu wa embe, watoto wanakula embe kutwa nzima damu inachafuka. Sisi marehemu baba alikuwa anatutumbua na mwiba wa mlimau, siku mbili umepona unarudi ziwani

Mama Shafii 20:31
Bamdogo naomba nielezee yote maana hata mimi nilianza na embe hivyo hivyo.

Mwezi wa kumi Baba Shafii alitoka jipu kwapani baada ya kunyoa. Tukasema wembe mbaya. Nikamnunulia vidonge duka moja la dawa, silitaji, nikaambiwa hivi vya rangi mbili ndo vyenyewe, nikauziwa sita kwa sababu hela iliyokuwepo ilitosha sita. Akameza vinne jipu likapasuka lenyewe, vile viwili nikaweka kabatini. Wiki mbili baadae Kashindi katoka mpira na mchubuko gotini, ukavimba, nikachukua vile viwili kimoja akameza kingine nikakifungua nikamwagia unga juu ya kidonda kama tunavyofanya wote humu. Kikakauka juu, chini kinachemka. Halafu Shafii. Yeye alianza na kipele kama kaumwa na mbu, Ijumaa, Jumapili asubuhi paja limekuwa jekundu linang'aa la moto ukigusa anapiga kelele na usiku akaanza kutetemeka. Nikakimbia duka la dawa tena, nikampa ampiklox, Jumatatu wekundu umeongezeka vidole vinne kwenda juu, nilipima kwa vidole vyangu mwenyewe. Ndo nikambeba

Na kule daktari hakuniuliza habari ya embe. Aliniuliza mama, kwako mnatumia mataulo mangapi. Nikanyamaza. Maana ni moja. Lile la bluu lililoko kwenye msumari nyuma ya mlango wa bafu, nyote mnalijua, kila aliyelala kwangu kalitumia, watu watano tunajifutia halikauki kabisa tangu asubuhi mpaka usiku

Shangazi Sikudhani 20:33
Mimi mwenyewe nililitumia Idd

Wifi Neema Kasulu 20:35
Habari za jioni nyote. Wifi pole sana kwa kuuguza. Samahani naomba niulize bila kuona aibu, nilikuwa nije na mtoto ana miezi mitatu. Nije au nisije?

Bamdogo Hamisi 20:36
Mimi naona huyo mdudu sugu mtoto kampatia huko huko hospitali, ndo maana watu wanaogopa kwenda

Mama Shafii 20:38
Bamdogo alienda na jipu, hakulipatia kule. Rehema uko wapi mdogo wangu njoo uwaelezee

Rehema Tabora 21:22
Nipo dada, nilikuwa zamu ndo nimetoka wodini. Shkamooni wakubwa. Nimesoma zote

Bamdogo, zamani ilikuwa hivyo unavyosema, alijulikana kama mdudu wa hospitali. Ila 1999 Marekani walitoa taarifa ya watoto wanne wa Minnesota na North Dakota waliofariki kwa huyu bakteria na hawakuwa watoto wa kulazwa lazwa, waliupatia mtaani. Tangu hapo inajulikana kwamba anatembea majumbani, kwenye timu za mpira, mabweni, magereza, popote ngozi zinagusana na vitu vinachangiwa. Siwatishi, wengi ni jipu linapona kama la Shafii. Nasema tu tusiogope hospitali tukakimbilia mwiba wa mlimau

Rehema Tabora 21:29
Mdudu mwenyewe anaitwa stafilokokasi. Wa kawaida sio mgeni, kama watu 3 kati ya 10 wanaye puani sasa hivi na hawaumwi. Anasubiri mlango. Mchubuko, wembe, kipele ulichokikuna. Huyu sugu ndo wanamwita MRSA, anafanana na mwenzie kwa macho huwezi kuwatofautisha, ndo maana wakaotesha. Dawa za jamii ya penisilini, amoksilini, ampiklox, kloksasilini, zinamshika pale anapojengea ukuta wa mwili wake. MRSA kabadilisha pale pa kushikwa. Sasa hata umpe dozi mbili mbili, dawa inapita tu na mtoto anaendelea kuchemka. Ndo ule wekundu uliopanda vidole vinne dada

Kashindi 21:31
Shangazi Rehema kwa hiyo mimi ndo nilimuambukiza Shafii?

Rehema Tabora 21:34
Mwanangu hapana usibebe hilo. Hakuna anayejua nani alianza, inawezekana baba yako, inawezekana jezi za timu, inawezekana mtu ambaye hajawahi kuumwa kabisa. Na wewe ulikuwa mgonjwa pia. Goti likoje?

Kashindi 21:35
Limefunga. Kovu tu

Mama Shafii 21:36
Amekaa hapa analia Rehema. Ahsante kumwambia

Bamdogo Hamisi 21:40
Kashindi usilie mwanangu wewe ni mwanaume wangu. Rehema sasa tuambie hospitali wamempa dawa gani Shafii, kesho napita mjini ninunue kopo zima tuweke akiba ya ukoo

Rehema Tabora 21:41
Hapana bamdogo 🙏🙏 tafadhali hapana

Rehema Tabora 21:50
Hilo ndo lililotufikisha hapa. Shafii kapewa septrini kwa sababu kipimo CHAKE kimeonyesha mdudu wake anaisikia, na imepimwa kwa kilo zake. Wa kwako unaweza kuwa mwingine. Halafu wifi Neema ananyonyesha kichanga, kuna dawa hazimfai, bibi ana vidonge vyake vya sukari na presha, kopo moja haliwezi kuwa la ukoo mzima. Na kubwa zaidi kilichomponya Shafii sio kidonge, ni ule upasuaji, usaha umetoka. Jipu dogo mara nyingi likipasuliwa na mtu anayejua kwa vifaa safi linapona hata bila antibayotiki

Yule Alexander Fleming aliyegundua penisilini 1928, kwenye hotuba yake ya Nobel 1945 alisema huenda ikafika wakati dawa hii itanunuliwa na yeyote dukani, na mtu asiyejua atajipa dozi ndogo, atawazoesha wadudu. Na 1961, huko Uingereza, MRSA akaonekana, na dawa yenyewe methisilini, ya jamii ya penisilini, ile iliyompa herufi M kwenye jina lake, ndo kwanza imeanza kutumika. Vile vidonge viwili vya kabatini kwa dada ndo alikuwa anavisema yule mzee. Nasema kwa upendo dada

Mama Shafii 21:52
Sema tu. Kabati nimelifungua sasa hivi nimekuta vingine vitatu sijui hata vya nini. Kesho navirudisha kwenye famasi ya hospitali

Wifi Neema Kasulu 21:54
Rehema swali langu mdogo wangu

Rehema Tabora 22:03
Samahani wifi. Njoo. Njoo na mtoto. MRSA haruki hewani kama mafua, anapita kwa kugusa, hasa usaha wenyewe na vitu vilivyoushika. Kidonda cha Shafii kikifunikwa vizuri, gozi kavu, plasta pande zote usaha hautoki nje, anakaa na watu, anakula na watu, anasoma dua na watu. Ila mtoto wako mchanga asibebwe na aliyetoka kubadilisha kidonda kabla hajanawa, na usimlaze kwenye shuka la mtu, njoo na kanga zako. Ukiona kipele chenye usaha kwa kichanga wa umri huo usisubiri, hospitali siku hiyo hiyo

Na anayebadilisha kidonda awe mmoja, dada wewe. Nawa, toa gozi la zamani, liweke kwenye mfuko ufunge kabisa ukalichome, nawa tena, weka jipya, nawa tena. Najua ni kunawa kwingi. Sabuni yoyote, hata ya mche, hata ile ya mawese wanayotengeneza kina mama wa Mwandiga, hakuna haja ya sabuni ya bei. Kinachofanya kazi ni kusugua, kati ya vidole na chini ya kucha, sekunde 20, maji yanayotiririka

Shangazi Sikudhani 22:05
Maji ya bomba kwa Mama Shafii siku za wageni hayakai. Bamdogo Hamisi aweke kibuyu chirizi pale nje ya choo na kingine karibu na jiko

Bamdogo Hamisi 22:06
Hilo nalifanya kesho asubuhi. Madumu ninayo

Mama Shafii 22:15
Naomba niseme moja halafu niendelee kuosha vyombo. Jana jirani alimuita mwanae ndani alipomuona Shafii kakaa barazani. Shafii akaniuliza mama mimi nina nini, mbona Sadi kaitwa. Miaka tisa huyo jmn. Nimeshindwa kulala. Ndo maana nimewaandikia, sio kwamba nawazuia kuja, naogopa mje halafu watoto waambiwe msimguse Shafii. Nipo tayari kufua kila kitu nyumba hii, nimeshaanza, leo shuka zote zimefuliwa zimeanikwa juani mpaka zimekuwa kama karatasi, zile zilizoingia usaha nimefua peke yake maji ya moto, godoro lake limeshinda nje, nimepiga pasi ya mkaa. Nitafua mpaka mazulia. Ila mtoto wangu asitengwe

Shangazi Sikudhani 22:16
Hatengwi. Nani amtenge. Nitakaa nae mimi

Wifi Neema Kasulu 22:17
Wifi nakuja. Watoto wangu wote wanakuja na watacheza nae

Rehema Tabora 22:20
Wacheze. Ila mieleka na kuogelea ziwani asubiri kidonda kifunge, hiyo ni kwa ajili yake mwenyewe. Karata na bao acheze mpaka achoke

Kashindi 22:24
Bibi karekodi sauti kwenye simu yangu, naandika kwa wasio na bando: "Hamjambo wanangu. Nimesikia nimesomewa yote. Mjukuu wangu alale na mimi kitandani, mimi ni mzee siogopi mdudu. Na wanaume wote wanaonyoa kwa ajili ya hitma wasichangie wembe, hata mimi nimezikataa nyembe za kuchangia tangu enzi za ukimwi. Mungu amponye"

Rehema Tabora 22:28
Bibi nakupenda na la wembe umesema kweli tupu, mashine ya kinyozi nayo muulize ameisafisha na spiriti mbele yako. Ila la kitanda nakuomba bibi usikubali. Una sukari. Mtu mwenye sukari kidonda chake hakiponi haraka na mdudu huyu akiingia kwenye mguu wako tutahangaika. Shafii alale chumbani kwako, godoro lake chini, mkaongee mpaka usingizi uwachukue. Na dada kamuangalie bibi miguu kila siku, katikati ya vidole

Kashindi 22:33
Bibi kasema sawa, ila godoro liwe karibu na kitanda ashike mkono wake. Nimwambie ruhusa?

Rehema Tabora 22:34
Mikono ikishaoshwa ruhusa kabisa

Bamdogo Hamisi 22:41
Rehema mwanangu nikuulize, nina kitu mgongoni hapa karibu na bega, wiki sasa. Nilikuwa napaka mafuta ya breki. Kimekuwa kigumu katikati kina kichwa cheupe

Rehema Tabora 22:44
Acha mafuta ya breki leo leo bamdogo. Usikiminye, usimpe mtu akiminye. Ukikiminya usaha unaweza kuingia ndani badala ya kutoka. Kitambaa cha maji ya moto ya kuvumilika dakika kumi, mara tatu nne kwa siku, kitambaa ufue kila ukimaliza, na ukifunike usivae shati moja siku mbili. Kesho ukishafunga kibuyu chirizi nenda kituo cha afya wakuangalie, waambie nyumbani kuna mtu kakutwa na MRSA, hilo neno uwaambie kabisa ni muhimu. Ukisikia homa au wekundu unatambaa usisubiri kesho

Bamdogo Hamisi 22:46
Nimeelewa. Nitaenda. Mama Shafii niliongea vibaya mwanzo, nisamehe

Mama Shafii 22:47
Hakuna kitu bamdogo. Karibu chai kesho

Shangazi Sikudhani 22:52
Mimi nakuja na taulo langu la kijani, na kila mtu humu aje na lake. Asiye na taulo aje na kanga. Na nina kitenge kizee nitakichana vipande vya kufutia mikono, vikitumika mara moja vinaingia kwenye beseni la kufua. Hitma ya baba haitaharibika kwa taulo

Ijumaa

Baba Shafii 06:40
[picha]
Assalam aleykum. Lile la bluu nimelichoma jana usiku. Misumari sita nimegonga nyuma ya mlango wa bafu, nimeachanisha taulo zisigusane, kila mmoja kafunga uzi wa rangi yake. Shafii kachagua wa chini kabisa, anasema ndo anaoufikia bila kuitia mtu