Tupeane uzoefu: samaki wako wa beta aliumwa, ulimuuguzaje na baridi hii ya huku kwetu?

Mleta mada (Uyole, Mbeya):

Wakuu, habari za baridi. Najua wafuga samaki wa urembo huku Nyanda za Juu Kusini hatujazi hata Hiace moja, ila nina hakika siko peke yangu ninayeamka usiku kuchungulia tenki. Naanza mimi.

Beta wangu ni dume wa bluu, mdogo wangu alinitumia kutoka Dar mwezi wa tano. Alipanda basi ndani ya mfuko wa plastiki, mlima wa Kitonga akapita salama, akashuka mchangamfu, anatanua mashavu kila akijiona kwenye kioo. Mwezi wa saba, asubuhi moja, namkuta amelala ubavu juu ya kokoto. Rangi imepauka kama kanga iliyosahaulika kwenye kamba, mapezi ameyafumba kama mwavuli. Chakula kinamwangukia puani, hashtuki.

Nikaanza kuwaza dawa, mara ugonjwa huu, mara ule. Kipimajoto nilikuja kukitumbukiza mchana, tena kwa kubahatisha: nyuzi 17. Huyu asili yake ni Thailand, kwenye majaruba ya mpunga na madimbwi ya kina kifupi. Anataka 24 hadi 28. Mimi nimemweka kwenye maji ya kuogea bwenini.

Hita sina. Nikajaza maji ya moto kwenye chupa ya soda, nikaifunga vizuri, nikaiacha ielee ndani ya tenki, ikipoa nabadilisha. Msimmiminie maji ya moto moja kwa moja, mtamuua kwa mshtuko. Joto lipande polepole, nyuzi moja moja.

Usiku wa pili, saa tisa, umeme hakuna, nipo jikoni nachemsha maji kwenye gesi. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Tukuyu, akatokea mlangoni amejitanda blanketi.

"Mtoto anaumwa?"

"Hapana mama. Samaki."

Akanyamaza. "Wa kula?"

"Wa kuangalia."

Akarudi kulala. Alfajiri nikamsikia anamuuliza mke wangu kama kazini kwangu mambo yako sawa.

Siku ya tatu samaki akapanda juu mwenyewe, akavuta hewa. Beta ana kiungo cha kupumulia hewa ya juu ya maji, kwa hiyo funikeni tenki, ila muache upenyo, ile hewa nayo isiwe baridi kali. Hakuwa na ugonjwa mwingine. Karibuni.

Mdau wa Njombe:

Kamwene! Wewe 17 unalalamika? Njoo huku mwezi wa saba.

Wangu alitoka vidoa vyeupe, kama amenyunyiziwa chumvi ya mezani. Anajisugua kwenye mawe. Nikaweka dawa, vidoa vikapotea, nikaacha dawa. Baada ya wiki kama mbili vikarudi vingi kuliko mwanzo. Nikadhani dawa ni feki, kumbe feki ni mimi. Kile ni kidudu. Kikiwa kimejichimbia kwenye ngozi ya samaki dawa haikigusi. Kinatoka, kinaanguka chini, kinazaliana, watoto wanaogelea kumtafuta samaki, na hapo ndipo wanapokufa. Kwenye maji ya joto mzunguko huo haumalizi wiki. Kwenye maji ya baridi unavuta wiki kadhaa, kwa hiyo nilikuwa naacha dawa kabla wengine hawajatoka.

Mara ya pili nilinunua hita, nikapandisha taratibu hadi 29, na chumvi isiyo na madini joto, kijiko cha chai kwa lita 4, nikiikoroga pembeni kwanza. Siku kumi bila kuacha, hata vidoa vilipokwisha. Yuko hai mpaka leo, jeuri tupu.

Mdau wa Kyela:

Poleni sana watu wa mlimani. Huku wangu yupo kwenye dumu dirishani, hita ni jua la Mungu. Mleteni likizo.

Mdau wa Iringa Mjini:

Wa Kyela usitucheke, haya si ya baridi tu. Wangu mapezi yalianza kulika kingoni, yamechanika kama bendera ya ofisi ya kijiji. Nikaenda duka la dawa za mifugo nikasema nipe dawa ya vidonda. Nikapewa dawa ya unga ya kuku. Muuzaji simlaumu, sikumwambia mgonjwa ni samaki, niliona aibu. Nikapima kwa ncha ya kijiko, kwa macho. Asubuhi anaelea.

Baadaye ndiyo najifunza kwamba maji yenyewe ndiyo yaliyokuwa yanamuunguza. Nilikuwa namlisha mara nne kwa siku, mabaki yanaoza chini, na bakuli la lita mbili. Huyu niliye naye sasa yuko kwenye lita 20, natoa robo ya maji kila wiki, na ya bomba nayalaza kwenye ndoo wazi siku nzima klorini ipungue. Pezi lilipochanika tena, maji safi tu na joto yalitosha, likaota upya, jeupe kwanza kisha rangi ikaja.

Mdau wa Mafinga:

Mimi niongezee tumbo. Akivimba, mtazame kwa juu. Magamba yakiwa yamelala, huenda ni choo kimekataa. Mnyime chakula siku mbili, kisha chemsha njegere moja, menya ganda, mpe kipande kidogo kama kichwa cha kiberiti. Njegere huku tunazo za kumwaga. Wangu alielea kichwa chini siku tatu, siku ya nne akaacha uzi mrefu wa kinyesi, nikaita watoto waje kuona. Mke wangu hakuja.

Ila magamba yakisimama, samaki mzima kama koni ya mpaina, lile tunda lake la magamba (sisi wa huku hatuhitaji kuelezwa koni ikoje), hapo ni maji yamejaa mwilini, viungo vya ndani vimeshachoka. Wawili wamenifia hivyo. Sijawahi kumrudisha hata mmoja.

Mdau, mwanafunzi, Mbeya:

Shikamooni. Hita sina hela yake, na hosteli hawaruhusu kuchomeka vitu. Nifanyeje? Wangu hali chakula tangu juzi.

Mleta mada:

Marahaba. Tafuta boksi jeupe jepesi lile la kubebea samaki wa barafu, wauza samaki sokoni huwa wanayatupa. Lioshe kwa maji tu, bila sabuni, liweke tenki ndani, chupa ya maji ya moto pembeni, funika ila acha upenyo wa hewa. Mbele ya dirisha usiweke kabisa, kioo usiku kinanyonya joto. Na usimbembeleze kwa chakula, samaki aliyepoa tumbo halisagi. Kesho asubuhi tuambie kipimajoto kinasemaje.

Halafu wakuu, jana jioni mama mkwe kapiga simu. Kauliza wajukuu, kauliza mahindi, akawa kama anakata, kisha akasema: "Na yule mgonjwa wako anakula sasa?"