Wagonjwa wanauliza bei kisha wanaondoka: nipate vipi wanaolipa?

Sindano_Kansanga: Ndugu zangu, naomba ushauri. Nilisomea tiba ya Kichina kule Nanjing, China, nikarudi Kampala nikafungua chumba hapa Kansanga. Nachoma sindano, naumika kwa vikombe, natoa na mitishamba. Watu wanakuja, shida ni kulipa. Mtu ananieleza mgongo wake nusu saa nzima, nikimtajia elfu arobaini anasema "nitarudi". Mwingine anachomwa mara moja, anapata nafuu kidogo, simwoni tena, na mgongo wa miaka mitatu hautulii kwa siku moja. Kodi imenikaba. Redio moja wanataka nitangaze kwamba natibu kisukari, presha na ugumba. Moyo unakataa.

Mama_Bombo: Mwanangu, usikilize huo moyo. Kuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2019, na NDA, mamlaka ya dawa ya taifa, wanafuatilia matangazo ya dawa za mitishamba. Tena mgonjwa wa kisukari akiacha vidonge kwa sababu yako, utamjibu nini Mungu? Jambo lingine: sisi wengi tunaogopa hizo sindano, tunafikiria ukimwi. Mimi nilitulia siku niliyoona pakiti mpya inafunguliwa mbele yangu na sindano zilizotumika zinatupwa kwenye kasha lake. Vikombe usivieleze kama kitu kigeni. Wazee wetu waliumika kwa pembe, na Waislamu wanajua hijama.

Boda_Nakawa: Sisi wa boda mgongo ndio ugonjwa wetu. Elfu arobaini kwa mkupuo sina, lakini elfu kumi kila jioni kwa mobile money naweza. Mwambie mtu tangu mwanzo: vikao sita, jumla kiasi hiki, unalipa kidogo kidogo kabla ya kila kikao. Njoo steji uongee na mwenyekiti wetu. Ila usitibu mtu bure, maana steji nzima itasubiri ya bure. Na mwezi wa pili usitegemee kitu, ada za shule zinakula zote.

Fizio_Jinja: Chagua maumivu machache ujulikane nayo: mgongo, goti, kipandauso. Timu za madaktari wa China zimekuwa zikija Uganda tangu 1983, kwa hiyo sindano si uchawi kwa madaktari wetu. Jitambulishe kwa kliniki za jirani. Akija mtu miguu imekufa ganzi au mkojo unamtoka bila kujua, usimguse, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Daktari akiona unajua mpaka wako, naye atakuletea wa kwake. Mimi nusu ya wagonjwa wangu nimewapata hivyo.

Sindano_Kansanga: Asanteni sana. Redio nimewakatalia asubuhi hii. Boda_Nakawa, mwenyekiti wenu anapatikana saa ngapi? Nitakuja na pakiti za sindano waone wenyewe.

Boda_Nakawa: Saa nane mchana, wateja wakipungua. Uliza steji ya karibu na soko.