Naomba ushauri: kuzamisha kompyuta kwenye mafuta

Wakuu, salaam. Niko Moshi, na vumbi la kiangazi linamaliza feni zangu. Nataka fundi vioo anitengenezee kasha kama tangi la samaki, mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) na pawa saplai vizame kwenye mafuta ya madini, yale meupe yasiyo na harufu (siyo mafuta ya taa jamani!). Hayapitishi umeme, hilo halinisumbui. Diski ya kuzunguka itabaki nje, maana ina tundu la hewa, mafuta yataingia. Ndani naweka SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka.

Kinachoniumiza kichwa ni joto. Mafuta hupokea joto taratibu, lakini bila njia ya kulitoa, ukicheza gemu saa kadhaa tangi zima linapata joto kupita kiasi. Kuna aliyewahi kufunga pampu na rejeta ya pikipiki? Mipira yake haivimbi kwa mafuta?

Pia waya: mafuta hupanda ndani ya ganda lake mpaka mezani, na PVC, plastiki ya ganda hilo, hukakamaa. Mnazibaje?

Jamaa mmoja ananishawishi nichukue mafuta ya transfoma ya zamani. Nimekataa, yanaweza kuwa na PCB (kemikali za zamani za transfoma, siyo bodi ya umeme), ni sumu. Anayejua duka la Arusha linalouza mafuta safi kwa dumu, aniambie na bei.