Waandishi wa kwanza wa maisha ya John Wesley: je, tuwasome kama wanahistoria au kama mashahidi wa kesi?

Mleta mada:

John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, alifariki London tarehe 2 Machi 1791. Katika wosia wake maandishi yake yote aliwaachia wahubiri wake Thomas Coke na Henry Moore, pamoja na tabibu John Whitehead, wayachome moto au wayachapishe kadiri watakavyoona vyema. Watatu hao walikubaliana kwamba Whitehead aandike kitabu cha maisha ya marehemu, wakamkabidhi nyaraka, kisha wakafarakana juu ya nani ana haki ya kuzikagua, na Whitehead akazikalia. Coke na Moore hawakumngoja. Walitoa kitabu chao mwaka 1792, tena bila kuwa na nyaraka zenyewe mezani. Juzuu mbili za Whitehead zilifuata mwaka 1793 na 1796.

Hoja yangu ni kwamba vitabu hivi vyote viwili viliandikwa na wadaawa. Chukueni jambo la mwaka 1784, pale Wesley, ambaye alikuwa kasisi wa Kanisa la Uingereza na si askofu, alipowawekea mikono wahubiri huko Bristol kwa ajili ya Marekani, yaani kuwapa daraja la kanisa, kazi ambayo katika kanisa lake ilikuwa ya maaskofu. Charles, mdogo wake, alilipinga tendo hilo, na Whitehead analilaumu waziwazi. Coke je? Coke ndiye aliyewekewa mikono siku zile awe msimamizi wa kazi huko ng'ambo, kwa hiyo kumtaka aandike kwamba Wesley aliteleza ni kumtaka aukate mti aliokalia.

Mchangiaji:

Nakubaliana nawe kuhusu Coke, lakini kukaa mbali nako hakumfanyi mtu kuwa mkweli. Mshairi Robert Southey, ambaye hakuwa Mmethodisti wala hakudai chochote katika mirathi ile, alitoa kitabu chake mwaka 1820 akimchora Wesley kama mtu aliyesukumwa na tamaa ya ukubwa, na Richard Watson, Mmethodisti, akamjibu mwaka huohuo. Aliyemgeuza Southey hatimaye hakuwa Watson, bali Alexander Knox, aliyemfahamu Wesley ana kwa ana tangu ujanani. Southey alikiri kwamba alikosea, na maelezo ya Knox yakaambatishwa kwenye toleo la 1846. Basi ukaribu unaoulaumu ndio uliosahihisha kosa la mgeni.

Mleta mada:

Ahsante, mfano huo ni mzuri kuliko yote niliyoitarajia, ila naona unanisaidia mimi. Knox alikuwa karibu na Wesley lakini hakuwa na fungu katika ugomvi wa nyaraka, wala hakuwa na cheo cha kutetea katika jumuiya ya Wamethodisti. Ninachokipima ni maslahi, si umbali. Na kwa wanaoshikilia kwamba kitabu cha 1792 kinatosha, naomba wanieleze jambo moja: kwa nini Moore mwenyewe, baada ya miaka zaidi ya thelathini, aliona haja ya kuandika upya maisha yaleyale katika juzuu mbili za 1824 na 1825?