Mrejesho: Nimehamia betri ya vepu ya kurekebisha volti

Wakuu, niliuliza kama kuna maana ya kuacha betri ya kawaida ya vepu (sigara ya kielektroniki), ile ya kitufe kimoja tu, nikanunue ya kurekebisha volti. Wengi mlisema ninunue, ila nianzie volti ya chini. Nimenunua, na asanteni sana.

Tofauti ipo, tena kubwa. Ya zamani ilitoa mvuke mzuri ikiwa imejaa, kisha ukafifia kadiri chaji ilivyoshuka. Hii inashikilia volti niliyochagua karibu hadi mwisho. Koili yangu (waya unaopasha juisi ya vepu moto) ina ukinzani wa omu 1.8: kwa volti 3.7 napata kama wati 7.6, kwa 4.2 zinafika 9.8. Ni nusu volti tu, lakini koo linaisikia! Kwangu 4.0 ndiyo penyewe; nikizidisha, ladha ya embe inaanza kuungua na juisi inaisha haraka mno.

Tangi la juisi la zamani limeingia bila shida, kwa kuwa tangi na betri vyote vina skrubu ya kuungia ya aina ya 510. Chaja natumia iliyokuja na betri, maana betri ya lithiamu si ya kubahatisha.

Sigara sijarudia. Kwa kuwa mvuke umeongezeka, nimeshusha nikotini kutoka miligramu 18 hadi 12 kwa mililita, na inanitosha.