Shashi wanadonoa vidonda vya ng'ombe: niwafukuze?

Mfugaji_Langata: Habari wadau. Ndege hawa wanatua kwa ng'ombe wangu na kupanua vidonda. Nikinyunyizia dawa ya kupe, watakufa?

Daktari_wa_Mifugo: Usiwafukuze, funika kidonda. Osha kwa maji ya chumvi, paka dawa ya vidonda inayofukuza nzi, rudia mpaka kikauke. Shashi hula kupe lakini damu pia wanaipenda, kwa hiyo kidonda kibichi watakirudia tu.

Aina ya dawa ya kupe ndiyo muhimu. Oganofosfeti, kundi mojawapo la dawa za kupe, huua shashi wanaokula kupe waliolowa sumu. Badala yake tumia amitrazi, dawa nyingine ya kupe, ya 12.5%: mililita 40 kwa lita 20 za maji, ya kutosha kulowesha ng'ombe mzima. Lowesha ndani ya masikio na chini ya mkia. Kupe wanaoeneza ndigana kali, ugonjwa hatari wa ng'ombe, hukaa masikioni, na wengi hunyunyizia mgongo pekee! Punda na farasi wasiguswe na amitrazi, inawadhuru.

Mpenda_Ndege_Nrb: Hakikisha kwanza ni shashi. Yangeyange ni mweupe, hutembea kando ya ng'ombe akidaka panzi. Shashi ni wa kahawia, hung'ang'ania ngozi kwa kucha kali. Shashi wako wa aina mbili: domo-jekundu ana duara la njano jichoni. Domo-njano hana, na ncha ya mdomo wake ni nyekundu.

Mfugaji_Langata: Ni domo-jekundu. Josho la kila wiki linatosha?

Daktari_wa_Mifugo: Msimu wa mvua, ndiyo, kila wiki. Shashi hawawezi kuchukua nafasi ya josho: hupendelea kupe aliyeshiba, na huyo ameshauma.