Mjadala: Syracuse na Buffalo, nani mbabe wa theluji?

Mtoka Uvira (mleta mada)

Wakuu, habari za baridi. Juzi kwenye harusi huku Syracuse, jimbo la New York, meza yetu nusura ivunjike. Shemeji yangu katoka Buffalo, mji wa jimbo hilohilo, kakaa, kala pilau lake kwa utulivu, halafu akatamka kwamba sisi wa Syracuse theluji tunaisikia tu. Kelele! Mtu akatoa simu akasoma: Syracuse kwa wastani hupata inchi 120 na ushee kwa msimu, yaani mita tatu na zaidi. Buffalo ni kama 95. Kesi imekwisha, watu wakarudi kwenye pilau.

Mimi ni wa Syracuse, lakini nasema kesi haijaisha. Hiyo jumla tunayoringia ni ya uwanja wa ndege. Ubao mmoja mweupe wa kuangukiwa na theluji, rula moja ya kupimia. Wa Buffalo uko Cheektowaga, mashariki ya mji. Novemba 2014 mkanda wa theluji kutoka Ziwa Erie uliwakalia watu wa vitongoji vya kusini, ukagoma kuondoka. Kuna waliofunikwa na futi tano, wengine hadi karibu saba. Kaskazini mwa mji huohuo, inchi chache tu, na watu wanautazama ule ukuta mweupe kwa mbali kama umekatwa kwa kisu. Sasa Buffalo ilipata ngapi siku zile? Namba iliyoingia kitabuni haikuwa ya waliozikwa wala ya waliosalimika.

Halafu jumla haikwambii imekujaje. Zikija inchi tatu tatu kuanzia Novemba hadi Aprili, unapiga chepe, unakunywa chai, unaenda kazini. Zikija futi nne kwa mkupuo na upepo juu yake, huo ni msiba. Krismasi ya 2022 uwanja wa ndege wa Buffalo ulipima karibu inchi 52 kwenye tufani moja, na Kaunti ya Erie, ulipo mji huo, ikapoteza watu zaidi ya 40. Wengine walikutwa ndani ya magari yao.

Msimamo wangu: tuache kulinganisha miji kwa jumla ya msimu, tuhesabu siku ambazo mji ulisimama. Haya, nichapeni.

Chepe la Chuma

Umeanza vizuri, ukaharibu mwishoni. Mimi naendesha gari la kusukuma theluji, mwaka wa tisa huu. Hizo tatu tatu unazozidharau ndizo zinazoniamsha saa nane usiku. Dizeli inaungua, chumvi inamwagwa, saa za ziada zinaandikwa, na ukipita mara ya pili unawazibia watu njia ya gereji kwa tuta la barafu, wanakutukana na chepe mkononi. Tufani kubwa ikija wanajeshi wanaletwa na serikali kuu inaweza kufungua mkoba. Hizi ndogo mji unajilipia wenyewe, senti kwa senti. Jumla ndiyo bajeti, ndugu yangu.

Na siku za kusimama nani azihesabu? Atlanta, Januari 2014, zilianguka inchi mbili na kitu. Watu walilala barabarani ndani ya magari, watoto wakalala shuleni. Kwa kipimo chako Atlanta nao ni mji wa theluji?

Mtoka Uvira

Hapo kwa Atlanta umenishika. Naenda kufikiri.

Dada wa Rochester

Sisi tunapata kama inchi 100 kwa msimu, tunawazidi Buffalo, na hakuna anayetualika hata kwenye ugomvi. Kombe la Golden Snowball, la mji uliopata theluji nyingi kwa msimu, linagombewa na miji mitano ya jimbo la New York nje ya Jiji la New York, Syracuse wamelibeba mara nyingi, Buffalo wanapewa kamera za televisheni. Sisi tunabaki na chepe.

Fundi Rula

Kabla hamjarushiana namba, jueni zinavyopatikana. Theluji ikishaanguka hujishindilia kwa uzito wake. Ukipima kila saa na kufuta ubao kila saa, utapata nyingi kuliko aliyepima mara moja kwa siku, theluji ni ileile. Ndiyo maana Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani hairuhusu kufuta ubao zaidi ya mara moja kila saa sita. Januari 1997 kijiji cha Montague, mashariki ya Ziwa Ontario, kiliripoti inchi 77 ndani ya saa 24. Ingekuwa rekodi ya nchi. Ikakataliwa: aliyepima alipima mara sita, kanuni inasema nne.

Kuna iliyonichekesha zaidi. Januari 2016, uwanja wa ndege wa Reagan pale Washington, theluji ilifunika ubao mpaka wapimaji hawakuuona tena. Ikabidi wapime kina hapa na pale. Ikaandikwa inchi 17.8, na uwanja wa Dulles, mji uleule kwa msafiri, ukaandika 29.3. Halafu mtu anasimama harusini kutofautisha miji kwa nukta!

Mwana wa Bukoba

Aliyekulia Bukoba haya mambo hayamsumbui. Upepo unavuka ziwa, unanyonya maji, ukifika kwetu unayamwaga. Ng'ambo ya pili wanalalamika ukame. Huko kwenu ni vilevile, ila hewa inatoka Kanada na kumwagika ni theluji. Tofauti ya Syracuse na Buffalo ni kina cha maji. Erie ni ziwa la kina kifupi, wastani mita 19, likiganda bomba limefungwa. Ontario ni mita 86, haligandi lote kwa urahisi, kwa hiyo Syracuse mnaendelea kupokea hadi Machi. Mnajisifia kina cha ziwa, si ugumu wenu.

Lakini Mtoka Uvira ana hoja. Ile tufani ya Buffalo ya Januari 1977 ilikuta Erie imeshaganda tangu Desemba. Theluji mpya ilikuwa kama inchi 12 tu. Upepo ulizoa iliyokuwa imelala juu ya barafu ya ziwa, ukaileta mjini na kuzika nyumba. Watu 29 walikufa. Kwenye jumla, hiyo ni 12 tu.

Chepe la Chuma

Na msimu huohuo wa 1976-77 Buffalo walifikisha 199.4. Sisi kilele chetu ni 192.1, msimu wa 1992-93. Naumia kuandika.

Dada wa Rochester

Msisahau kwamba mwaka 1992, mwezi Machi, baraza la mji wa Syracuse lilipitisha azimio la kupiga marufuku theluji mpaka mkesha wa Krismasi. Ikaanguka siku mbili baadaye. Kisha ndio ukaja huo msimu wa 192.1.

Mtoka Uvira

Nimerudi. Nafuta siku za kusimama, Atlanta imeniua. Nabadilisha hivi: kila mji ulinganishwe na mazoea yake. Chicago msimu wa 1978-79 walipata inchi 89.7. Kwetu huo ni msimu mwepesi, watu wangesema Mungu katuonea huruma. Kule barabara ziliziba, treni zikagoma, na meya Michael Bilandic akaangushwa na Jane Byrne kwenye kura ya mchujo. Boston 2014-15 walifika 110.6, zaidi ya mara mbili ya kawaida yao, na nyingi zilianguka ndani ya wiki chache. Walipohema, sisi tungekuwa tunachagua soksi.

Chepe la Chuma

Sasa unaongea. Lakini mazoea ya mji unayajuaje bila kujumlisha misimu? Umerudi kwenye jumla kwa mlango wa nyuma.

Mtoka Uvira

Nimeingia kwa mlango wa nyuma kwa sababu wa mbele umeuziba na lile gari lako.

Shemeji wa Buffalo

Nimetumiwa maneno haya na mke wangu. Asanteni kwa hiyo 199.4, pale mezani sikuwa nayo. Jumapili nakuja tena, na pilau libaki.